Kwanza Redio au Kwanza Sabufa?

Gari lililotumika likishushwa melini Dar es Salaam kutoka Japani, aghalabu huja na mambo matatu ambayo mnunuzi hakuyaagiza. La kwanza ni sauti ya dada mpole anayemkumbusha kwa Kijapani, kila anapowasha injini, kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. La pili ni tundu la MD, zile diski ndogo zilizoletwa na Sony mwaka 1992, ambazo utaizunguka Kariakoo nzima usizione. La tatu ndilo zito: redio inayokomea 90.

Hilo la tatu ndilo lililomkosesha raha mwenye IST mmoja wa Tabata. Clouds, iliyo 88.5, anaipata. Wasafi, iliyo 88.9, anaipata. EFM, iliyo 93.7, haipo. Akibonyeza kutafuta, namba zinapanda hadi 90, zinaruka kurudi 76, na kutoka hapo hadi karibu 88 anasikiliza samaki wakikaangwa.

Redio yenyewe haina kosa. Kwao Japani FM ilipewa nafasi kati ya 76 na 90 MHz, kwa sababu juu ya hapo, hadi 108, palikuwa pamekaliwa na chaneli tatu za kwanza za televisheni ya analojia. Televisheni hiyo ilipozimwa katika sehemu kubwa ya nchi mwaka 2011, nafasi ikapatikana na FM ikasogezwa hadi 95. Lakini IST za kwanza zilitoka kiwandani mwaka 2002, na hakuna aliyezirudia kuzipa habari hiyo. Afrika Mashariki vituo vinaanzia 87.5 hadi 108. Ukipiga hesabu, bwana huyu alinunua gari zima na moja ya nane ya redio.

Fundi umeme wa gereji ya jirani alikuwa na dawa ya haraka: ekspanda, kijikopo kidogo kinachochomekwa kwenye waya wa antena na kuyashusha masafa yote kwa 12. EFM ikahamia 81.7, shangwe. Ila Times FM, ambayo ni 100.5, ikatua 88.5. Mke wa bwana, aliyezoea kubonyeza namba hiyo kwa ajili ya Clouds, akawa anakaribishwa na watangazaji wa Times, na siku nyingine na wa pande zote mbili kwa mpigo.

Ndipo ikaamuliwa kwamba muziki wa kiwandani uondoke. Uanze kuondoka upi, hapo ndipo palipozuka baraza.

Fundi alisema redio, tena ya skrini kubwa yenye Android. Mzee mstaafu wa nyumba ya tatu, aliyepata kupiga disko enzi za santuri, alisema spika za mbele, ila kwanza milango ishughulikiwe. Shemeji alisema sabufa. Mke alipendekeza tairi, wazo lililopokewa kwa heshima na kuwekwa kando.

Shemeji alishinda. Hoja yake ilikuja na sabufa yenyewe, ya inchi 12, imeshatumika, ndani ya boksi la mbao lililovikwa zulia, pamoja na amplifaya, kwa bei ya kindugu. Wengine walileta maneno tu.

Sabufa ikaingia kwenye buti la IST na buti likaisha. Fundi akavuta waya mnene kutoka kwenye betri hadi nyuma, na mzee asingepita pale akielekea msikitini, fyuzi ingesahaulika. Fyuzi ya waya huo hukaa karibu na betri, isizidi kama sentimita 45, maana waya ukichubuka popote mbele ya hapo na kugusa bodi, kinachokatika ni fyuzi, la sivyo kinachoungua ni gari. Fundi alisema alikuwa anakwenda kuiweka. Mzee akasema atasubiri aone.

Lililompita mzee ni waya wa bluu. Amplifaya huwashwa na kuzimwa na waya mwembamba unaotoka kwenye redio, kwa kawaida wa bluu wenye mstari mweupe, unaopata umeme redio inapowaka tu. Wa njano una umeme saa zote, kwa kuwa kazi yake ni kutunza kumbukumbu za redio. Fundi, kwa sababu anazozijua mwenyewe, aliunga kwenye wa njano. Amplifaya ikakesha. Asubuhi IST ilitoa mlio mmoja, ikanyamaza. Vijana wa mtaani wakajitolea kusukuma, wakasukuma kwa moyo wote hadi kwenye duka la chipsi, kabla ya mmoja kuchungulia ndani na kuona gia ni ya otomatiki. IST haiwaki kwa kusukumwa, hata ukiifikisha Chalinze.

Ilipobustiwa na kuwaka, matokeo yalijulikana. Besi ilitoka nyuma kwa kishindo, kibao cha namba kikicheza, huku mbele spika za karatasi za kiwandani zikiendelea kunong'ona. Msomaji wa taarifa ya habari alitikisa madirisha kila alipotamka “Dodoma”, lakini waziri aliyezungumza huko hakusikika alisema nini.

Basi zikafuata spika, nazo ziliwekwa kabla ya milango. Zilikuwa nzuri na nzito, zimeandikwa wati nyingi. Zikafungwa, redio ikawashwa, sauti ikawa ndogo kuliko ya zile za zamani! Bwana akahisi kaibiwa, kumbe spika nyepesi za kiwandani hutengenezwa ziimbe kwa umeme mdogo, na hizi nzito zinataka kulishwa. Akaenda kutazama redio za dukani. Kwenye kila katoni pameandikwa 50W x 4. Mzee akaomba kalamu.

Gari likiwaka, umeme wake ni kama volti 14.4. Spika nyingi za gari ni ohm 4. Kwa volti hizo, sauti safi kabisa haiwezi kuvuka wati 26 kwa kila spika, na katika matumizi ya kweli hukomea kama 20. Hiyo 50 hupatikana ukizungusha sauti hadi mwisho, mawimbi yakakatwa vichwa, mwimbaji akabaki anafoka. Tena kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lione sauti imekuwa maradufu, zinahitajika wati mara kumi hivi. Muuza duka alisikiliza yote hayo, kisha akasema ipo pia ya 60W x 4.

Kulikuwa na jambo jingine. Spika ya kulia ilikuwa imeungwa kinyume, chanya kwenye hasi, kwa hiyo moja ilipokuwa ikisukuma hewa nyingine ilikuwa ikiivuta, na besi za mbele zikawa zinauana hapo katikati. Mzee alilibaini kwa betri ya tochi ya volti 1.5: ukigusisha chanya kwa chanya, koni lazima isogee nje. Ya kushoto ilitoka. Ya kulia iliingia ndani.

Kisha masika ikafika, na zulia la upande wa dereva likalowa. Ndani ya mlango wa gari mna karatasi ya nailoni ambayo kila mtu huiona takataka. Maji ya mvua hupenya kwenye kioo na kushuka ndani ya mlango, yakatokea matundu ya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasiingie kwa abiria. Fundi alikuwa ameichana ili apate pa kupitisha mkono. Ilipobidi milango ifunguliwe tena, mzee akapata aliyoyasema tangu mwanzo: matundu makubwa yakazibwa kwa vibandiko vizito vya mpira wenye foili, yale ya maji ya chini yakaachwa wazi. Sauti inayotoka nyuma ya spika ikakosa njia ya kuja kuiua ya mbele. Spika zilezile, redio ileile, besi ikatokea. Fundi aliuliza kama kuna amplifaya ya pili imefichwa.

Redio ikawa ya mwisho kubadilishwa, ingawa ndiyo iliyokuwa mgonjwa wa kwanza. Mpya ilikuwa na upana wa milimita 178 za kawaida, ilhali nafasi kwenye dashibodi ya Toyota ni 200, hivyo kila upande ukabaki ufa wa sentimita moja. Vipande vya plastiki vya kuziba vinauzwa, lakini kabla havijanunuliwa nyufa zilimeza sarafu kadhaa za mia mbili na risiti ya maegesho. EFM ilisoma 93.7.

Mwisho wa mwezi familia ilikwenda Muheza, na kurudi kulikuwa na magunia mawili ya machungwa. Buti lilikuwa na mwenyewe. Baada ya majadiliano sabufa ilichomolewa waya, magunia yakaingia, na boksi likapakatwa kiti cha nyuma na shangazi, aliyeomba lifti hadi Dar.

“Baba, hili lisanduku lina nini?”

“Muziki, shangazi.”

Shangazi akasikiliza. Mbele taarab ilikuwa inapiga vizuri tu, kila neno linasikika.

“Mbona muziki uko huko kwenu?”

Bwana akaongeza sauti kidogo. Mkewe akauliza tena habari za tairi.