Beji ya Tumbo na Kigari Kinachopanda Basi

Wapendwa wa Voi, na nyinyi wa Mbololo mtakaosomewa barua hii mkishatoka kanisani,

Huku London tumbo la mama mtoto linakua, na huyu mkubwa siku hizi hatembei tena, anakimbia tu. La kuwaandikia leo ni beji. Shirika la usafiri la London lina beji ya duara ambayo mjamzito huiomba, ikaletwa kwa posta bila malipo, akaibandika kwenye koti ili abiria wenzake wajue kwamba ana mimba. Walianza kuitoa mwaka 2005, na imeandikwa waziwazi kwamba mtoto yumo. Chekeni kwanza mmalize. Najua shangazi keshauliza kama watu wa huku hawana macho. Wanayo, na tumbo wanaliona vizuri sana, ila hakuna anayethubutu kulitaja. Ukimpisha mwanamke kiti kwa sababu ya mimba, kumbe mwenzio ni mnene tu, umemtukana mbele ya behewa zima, na Mwingereza ni heri avunjike mguu kuliko kuingia katika aibu ya namna hiyo. Basi kila mmoja huinamia simu yake mpaka apate uthibitisho wa maandishi. Kwetu ni kinyume: mimba haitangazwi, lakini stejini wanaijua wote. Mjamzito anayepanda matatu ya Wundanyi huonyeshwa kiti cha mbele kabla hajafungua mdomo. Wala sisemi makanga ni malaika. Anazijua zile kona za kupanda mlima baada ya Mwatate, na hataki kuosha gari.

Nimeiwaza sana beji hii, na nimefikia jambo ambalo nitalitetea hata mbele ya wazee. Kutoka nje na mtoto mdogo huku si kugumu kwa sababu ya baridi, wala umbali, wala bei ya vitu, ingawa vyote vitatu vinachangia. Ni kugumu kwa sababu mtoto akishavuka kizingiti cha nyumba anakuwa wa wazazi wake wawili basi. Hakuna mwingine mwenye mkono juu yake. Kila mkono uliokosekana umetafutiwa kifaa, na kila kifaa kimetungiwa kanuni. Beji inafanya kazi ya macho ya makanga. Ipo hata kamba, wallahi: mtoto anavishwa mkanda kifuani, mzazi anashika ncha ya pili, na familia inatembea hivyo mchana kweupe, huku kambwa kadogo ka jirani kamebebwa kwenye begi kama mfalme. Lakini msiicheke kabla ya kuipima. Pale sokoni Voi mtoto akichomoka kuelekea barabarani, mwenye mafungu ya nyanya atamdaka, wa viazi atamkaripia, na wa ndizi atamuuliza yeye ni wa nani. Ile kamba ni hao akina mama watatu, wameshonwa wakawa utepe wa nailoni.

Mkubwa wa vifaa vyote ni kigari cha mtoto. Mtasema leso zipo, na kweli tulikuja nazo. Ila leso inataka mgongo, na mgongo wa mjamzito wa miezi saba umeshapewa kazi nyingine. Kwetu wakati kama huo mtoto mkubwa huhamia mgongo wa shangazi, au wa binti wa jirani ambaye shule yake imefungwa. Huku hakuna mgongo wa akiba isipokuwa wangu, na mgongo wa mtu anayeshinda kitini siku nzima una kilomita zake chache, kisha hulalamika. Kwa hiyo kigari. Kile chepesi kinachokunjika kama mwavuli kilibuniwa mwaka 1965 na mhandisi Owen Maclaren, mtu ambaye kabla ya hapo alishughulika na miguu ya ndege ya kivita ya Spitfire, ile miguu inayojikunja ndege ikishapaa. Kigari chake cha kwanza hakikufika kilo 3. Warithi wa fikra hiyo wameendelea kuiboresha mpaka leo kigari kina breki, paa, kapu, mahali pa kuweka kikombe cha kahawa ya baba, na uzito wa mbuzi aliyenona. Rubani wa Spitfire aliikunja miguu ya ndege yake huku anapigwa risasi; mimi hanipigi mtu risasi, na bado kile kitufe cha kukunjia hunidai mikono mitatu. Sasa mtoto wa pili anakuja, na huku kabla ya kuuliza atapewa jina la nani wanauliza upana wake. Vipo vigari vya watoto wawili kukaa ubavu kwa ubavu, ambavyo havipiti milango mingine, na vipo vya mmoja mbele na mmoja nyuma, ambavyo havikati kona. Wengine huchomeka ubao wenye magurudumu nyuma ya kigari cha mmoja, mkubwa akasimama juu yake kama makanga aliyening'inia mlangoni. Huo ndio nitakaonunua. Angalau una asili ya kwetu.

Ukishakuwa na kigari, jiji lote linabadilika ramani. Treni za chini ya ardhi zina vituo 272, na ambavyo mtu anaweza kuvifikia kutoka barabarani bila kupanda wala kushuka ngazi ni theluthi moja hivi. Vingine ni ngazi tu, zile za zamani. Kwa hiyo familia yenye kigari huchagua pa kwenda kwa kuangalia wapi kuna lifti, si wapi kunapendeza. Inabaki basi, na kwenye basi ndipo penye kanuni inayonikosesha usingizi. Katikati ya basi kuna nafasi moja isiyo na viti. Kigari kinaruhusiwa kusimama pale kikiwa wazi, mtoto amelala ndani yake, hadi atakapopanda mtu wa kiti cha magurudumu. Hapo kigari hupisha: mtoto aamshwe, mifuko ivuliwe kwenye mpini, kikunjwe, na mama mwenye beji ashike nguzo huku basi likiondoka. Mnajua nani aliyelipeleka jambo hili mahakamani? Mwaka 2012 bwana mmoja mwenye kiti cha magurudumu, Doug Paulley, alitaka kupanda basi kutoka Wetherby kwenda Leeds, akakuta nafasi ile ina kigari na mtoto amelala. Dereva akamwomba mama akikunje. Mama akasema hakikunjiki. Dereva akaishia hapo, na Paulley akashuka. Kesi ilipanda ngazi baada ya ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, ambayo Januari 2017 iliamua kwamba kuomba tu hakutoshi. Mtu akikataa kupisha bila sababu ya maana, dereva afikirie kufanya zaidi, hata kulisimamisha basi kwa dakika kadhaa ili mkaidi abanwe au aone aibu.

Isomeni tena hiyo. Majaji wa juu kabisa wa nchi yenye vifaa vyote hivi, baada ya miaka karibu 5 ya kesi, walifika mwisho wa kanuni wakaikuta aibu. Gari lisimame, watu wageuke, mtu ajione. Nyanya yetu angetoa hukumu hiyo kwa kukohoa mara moja. Na ndiyo sababu nasema kifaa hakimalizi kazi ya watu, kinaiahirisha; siku kikikwama, watu huitwa wakati tayari wana hasira na wamechelewa kazini.

Najua pingamizi litakaloletwa na yule ndugu yetu anayependa kubishana. Atasema vifaa hivi vinaokoa maisha, na mimi nimekaa huku nasifu kupakata watoto kwenye Probox. Ana haki, na hapa simbishii. Sheria ya huku inataka mtoto akae kwenye kiti chake ndani ya gari mpaka atimize miaka 12 au urefu wa sentimita 135, chochote kitakachotangulia, na anayeishi kando ya barabara ya Mombasa hahitaji kuelezwa kwa nini. Kwetu Kenya, Sheria za Michuki za mwaka 2004 ziliziletea matatu mikanda na abiria 14, lakini mtoto wa kupakatwa hakuhesabiwa katika wale 14, na mpaka leo makanga hamhesabu. Mapaja ya mama hayazuii kitu gari likigonga lori pale Maungu. Kiti cha mtoto nakikubali kabisa, hata kwa masharti yake ya kumvua koti nene kabla ya kumfunga, baada ya nusu saa ya kumvisha. Ninachotaka muone ni kwamba hata sheria hii ina mahali inapochoka: mtoto huyohuyo, wa chini ya miaka 3, akipanda teksi isiyo na kiti cha mtoto anaruhusiwa kukaa nyuma bila kiti wala mkanda. Ajali haijui nani kalipa nauli. Na sisi tunaolaza mabegi chini kwa mstari pale Syokimau yanuswe na mbwa kabla ya kupanda treni ya Madaraka Express tusijifanye kwamba kanuni za wenzetu ndizo pekee za ajabu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na hakuna aliyelileta, nalileta mwenyewe. Ile mikono ya kwetu ninayoilalamikia kutoka mbali ina upendeleo. Inamdaka mtoto, inamwinua mjamzito, lakini Paulley angekuwa Voi asingekuwa na kesi, kwa sababu asingekuwa ameingia kwenye matatu. Angebebwa mzimamzima kama ana bahati, kiti chake kikafungwa juu ya keria, na akatozwa nafasi yake. Mara nyingi angeachwa stejini. Mkono wa mtu humsaidia yule unayependa kumsaidia; ile nafasi tupu katikati ya basi haichagui sura. Tena mikono hiyo ina midomo. Mjamzito wa Voi huulizwa yale ambayo beji haiulizi: kama tumbo limekaa juu au chini, kwa nini ameongeza upesi hivyo, au kwa nini mkubwa bado hajaacha nepi. Wako wanawake waliokimbilia ughaibuni kwa ajili ya ukimya huo tu, na siwalaumu. Lakini hata nikikubali hayo yote, hoja yangu inabaki imesimama. Aliyepata nafasi kwenye basi bado anahitaji mtu wa kushika mfuko.

Kama mnadhani natia chumvi, tazameni ndovu. Mtoto wa Voi akitaka kuwaona, ataingia Tsavo Mashariki kwa lango la mjini, au atawasubiri tu nyumbani, maana Sagalla watu wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki ili ndovu wasije. Bustani ya wanyama ya London ilifunguliwa mwaka 1828, mtu analipa kiingilio, na ndovu hamna: walihamishiwa Whipsnade, nje ya jiji, mwaka 2001. Kwa hiyo kumtoa mtoto hapa kwenda kumwonyesha jirani zake wa nyumbani ni safari ya mkoa mwingine, yenye kigari na mabadiliko ya treni. Ndovu jike hubeba mimba miezi 22 hivi, na hakuna mimba inayostahili beji kuliko hiyo, lakini hatembei akimtazama ndama wake peke yake. Dada na mashangazi humzunguka, na majike wachanga hushindania kumlea. Wakfu wa Sheldrick, unaolea ndovu yatima tangu 1977, ulilielewa hilo. Ndama akikosa mama, haachiwi chupa ya maziwa tu. Watunzaji hushinda naye na kulala naye zizini Nairobi, na akihamishiwa Voi hupokewa na yatima wakubwa, kisha baadhi ya majike hao hurudi miaka baadaye na watoto wao waliozaliwa porini. Kifaa kipo, chupa ipo, blanketi lipo, ila wote wanajua kwamba kinachomkuza ni kundi.

Ndiyo maana namalizia na ombi. Kitu ambacho hakiuzwi katika duka lolote la watoto huku, hata lile lenye vigari vya bei ya shamba, ni nyanya. Anapatikana kwa maombi tu. Viza ya mgeni humruhusu kukaa hadi miezi 6, na mwongozo wa maafisa wa uhamiaji unakubali kwamba jamaa anaweza kumwangalia mtoto wa nduguye, mradi iwe ziara fupi ya kweli na isigeuke ajira ya uyaya. Mtafutieni karatasi za benki na za shamba, zipigwe chapa mapema, na yule binamu wa saibakafe asikosee tarehe ya kuzaliwa. Abebe leso mbili nzito, na kama kuna njia ya kusafirisha kimanga bila kuchacha, mama mtoto anakiota usiku na mimi ndiye ninayeamshwa kusimuliwa. Mwelezeni tu kwamba wakimuuliza kama atalipwa kwa kumbeba mjukuu wake, asicheke kwa sauti. Huku wanaweza kuliandika kama jibu.