Barua ya Wazi kwa Wapima Umaskini

Kwa Waheshimiwa,
Ofisi ya Takwimu ya Uganda,
Mtaa wa Colville, Kampala.

YAH: UMASKINI WETU ULIOPOTEA

Sisi ni watu wa gombolola (tarafa) ya Ajia, wilaya ya Arua, katika eneo la West Nile.

Tunaandika kuripoti upotevu. Vitabu vyenu vinasema kwamba mwaka 2016/17, katika kila watu 100 wa West Nile, maskini walikuwa 35 hivi. Mliporudi kupima 2019/20, wakabaki 17. Nusu ya umaskini wetu ilitoweka kwa miaka mitatu, na sehemu ya kupima huko ilifanyika mwaka 2020, mwaka wa korona, tulipofungiwa majumbani. Tumeutafuta uvunguni, ghalani na kwenye shamba la mihogo. Haukuaga mtu.

Kisha tukatazama jedwali lile lile upande wa Acholi, ng'ambo ya Nile. Wao walikuwa na maskini 33 hivi, na 2019/20 wakafika 68. Hapo tukaelewa: umaskini wetu ulipanda basi la usiku Arua, ukavuka daraja la Pakwach, ukashukia kwa majirani. Tunawaomba radhi ndugu zetu Waacholi, hatukuutuma sisi. Ila tuna swali moja: kama ulishavuka, huyu tunayeamka naye kila asubuhi ni nani?

Kazi yenu hatuidharau. Karani huketi chini ya mwembe, tableti mapajani, na kuuliza: kila mtu nyumbani ana angalau nguo za kubadilisha? Ana viatu? Watoto wana blanketi? Siku saba zilizopita mlikula nini? Hata muhogo tuliochimba wenyewe anautia bei, ingawa hatukuuuza, na beseni likiliwa tunahesabiwa kuwa tumetumia. Lakini swali tulipendalo kuliko yote ni la chumvi: mara ya mwisho ilipowaishia, mlifanya nini? Mlinunua, mliazima, au mlipika bila chumvi? Aliyelitunga amewahi kuishi kijijini, hilo hatuna shaka. Mama akijibu "niliazima kwa jirani", karani anabonyeza na kuendelea. Hajui kwamba jirani naye ameiazima kutoka nyumba ya tatu, na kwamba kijiko kile kimoja kitakoleza vyungu vitatu kabla ya jua kuzama.

Sasa tuje kwenye rula yenyewe. Mstari wenu wa umaskini ulichorwa kwa chakula cha miaka ya 1990: kalori 3,000 kwa mtu mzima kwa siku, zikihesabiwa kwa vyakula vya nusu ya Waganda wenye hali ya chini. Bei zilipandishwa kila mara, kikapu kikabaki kile kile. Kwa mstari huo, mwaka 2019/20 maskini wa Uganda walikuwa asilimia 20.3. Benki ya Dunia ikaja na rula yake ya zamani, ya dola 2.15 kwa siku, ikapata takriban asilimia 42. Nchi ile ile, sahani zile zile. Fundi seremala akipima mlango mmoja mara mbili akapata hivyo, hapa Ajia halipwi.

Tena mnapima kaya chache, halafu namba moja inasemea West Nile yote, kutoka Koboko hadi Zombo. Ajia haina namba yake. Lakini fedha za Mpango wa Maendeleo ya Parokia, ulioanza mwaka 2022, zilipangwa kugawiwa kwa muluka, yaani parokia: shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila mmoja, wenye nacho na wasio nacho sawasawa. Basi anayepima hatufikii, na anayegawa hapimi.

Ombi letu si mtuongezee umaskini kwenye karatasi. Tulio nao unatosha. Tunaomba mambo mawili. Hesabu ishuke hadi gombolola, ili namba iwe na mwenyewe wa kuulizwa. Na mkishapata namba mpya, kabla ya kuisoma ukumbini Kampala, njooni muisome hapa chini ya mwembe, mbele ya watu mliowahesabu. Wakicheka, rudini mkapime upya.

Mkija, bebeni chumvi. Ya jirani imekwisha.

Ni sisi,
Wahesabiwa wenu wa Ajia.