Mwongozo wa Kufika Kajiado Bila Breki ya Nyuma

Hongera kwa kununua pikipiki ya zamani. Umejipatia Honda Gold Wing ya 1975, yenye breki za diski hata nyuma, ukaileta Kitengela, mji wa bodaboda ambazo breki zake za nyuma ni za dramu, zinavutwa kwa fimbo ya chuma yenye nati mwishoni. Usiruke hatua hata moja.

1. Puuza pedali. Ikibonyea kisha ikapanda ukiipigapiga, ndani mna hewa. Wewe sema ni uzee. Ukiikanyaga ukaishikilia, nayo ikashuka polepole pasipo tone kuonekana popote, raba ya pistoni ndani ya masta silinda imechoka. Mafuta yanapita kando yake yakirudi nyuma. Kipimo hiki ni cha bure, kwa hiyo usikifanye.

2. Nenda kwa fundi wa boda. "Mkubwa, hii ni nati tu," atakwambia, na nati hakosi. Ataikaza ile ya fimbo inayosukuma pistoni. Pedali itapanda, itakuwa ngumu, utatoa pesa ukitabasamu. Lakini fimbo ikikosa nafasi ndogo ya kucheza, pistoni hairudi hadi mwisho, na kale katundu kembamba ka kurudishia mafuta kwenye kopo kanabaki kamezibwa. Mafuta yanapata joto, yanatanuka, breki inajikamata yenyewe. Ukifika Isinya utasikia harufu. Sema ni ya lori lililo mbele.

3. Ongeza mafuta yoyote. Kifuniko kimeandikwa DOT, lakini nani husoma vifuniko? Oili ya injini itaivimbisha raba vizuri kabisa. Ukishikilia DOT 4, chukua chupa iliyokaa wazi kibandani tangu mwaka jana. Mapya huvumilia angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Yaliyokwisha kunywa unyevu yanaweza kuchemka kwenye 155. Mengine yamwage ubavuni mwa pikipiki, rangi itabanduka bila msasa.

4. Badilisha raba, usitazame silinda. Ukivua kifuniko cha vumbi cha masta silinda utakuta uji mweusi wa kutu. Uoshe kwa petroli, ili hata raba mpya zivimbe. Ukuta ukiwa na vishimo, funga hivyo hivyo: raba zitavuja tena, na muuza spea naye ana watoto.

5. Jaribu barabarani. Barabara ya Namanga ina malori ya saruji, matuta, na ng'ombe wanaovuka kwa wakati wao.

Wenye haraka ya kuharibu mwongozo huu hufanya hivi: huondoa klipu, huchomoa pistoni na kumulika ndani kwa tochi. Ukuta ukiwa laini, huenda Kirinyaga Road, Nairobi, wakiwa na raba ya zamani mkononi, ili ipimwe kwa macho na si kwa maelezo. Ukiwa na vishimo, hutafuta silinda nyingine. Huosha kwa mafuta ya breki yenyewe, huzibua kale katundu, huacha fimbo icheze kidogo, hutoa hewa kupitia nipo ya kalipa. Kisha hukanyaga pedali kwa nguvu na kuishikilia dakika nzima.

Isiposhuka, safari njema. Ikishuka, matatu za Kajiado ziko pale pale stendi.