Namna ya Kuitafuta Menyu Iliyopotea Ukiwa Marangu

Umegawa dodoso kutoka Mwika hadi Kilema, umehesabu miti ya kahawa kihamba kwa kihamba, umekunywa mbege kwa ajili ya utafiti tu. Sasa umekaa Marangu Mtoni, umefungua Excel, unataka regresheni. Msimamizi aliagiza: bofya Data, tazama mwisho kulia, utaona kifaa kiitwacho Data Analysis. Unatazama mwisho kulia. Patupu.

Anza kwa kutangaza. Usiseme “sikioni”, maana hiyo ni kauli ya wanyonge, sema “hakipo”. Huku mlimani msimamo huo una historia. Mei 11, 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yake, akaripoti. Kule London, William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia ya Afrika ambaye Afrika yenyewe hakuwahi kuikanyaga, akajibu kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Baroni von der Decken akapanda mwaka 1862, theluji ikamwangukia mwilini, na Cooley bado akakataa. Huyo ndiye mwalimu wako. Alikuwa na ramani nzuri na kiti cha starehe, na wewe unahitaji hivyo hivyo tu.

Kisha ipeleke kompyuta steshenari.

“Mangi, Data Analysis imepotea.”

“Hiyo virusi, mwalimu. Iache, tuipige windo mpya. Uje kesho.”

Kesho utaikuta windo mpya na Excel mpya (ya kuchakachua, lakini usiulize), na mwisho kulia patupu vilevile, kwa sababu kifaa hicho huja na Excel kikiwa kimezimwa. Kwa hiyo usithubutu kubofya File, halafu Options, halafu Add-ins. Chini kabisa kuna kisanduku cha Manage. Ukichagua Excel Add-ins na kubofya Go, dirisha dogo litakuonyesha Analysis ToolPak. Ukiweka tiki na kubofya OK, Data Analysis itajitokeza palepale msimamizi aliposema, na jioni nzima utakosa cha kulalamikia.

Wenye subira husubiri Desemba. Mwezi huo Wachagga wanarudi nyumbani, na kila ukoo una kijana mmoja “anayefanya mambo ya kompyuta” Dar es Salaam, yaani anauza makava ya simu Kariakoo. Mpe heshima yake na mguu wa mbuzi.

Ukikuta utepe mzima wa vitufe vya Excel umetoweka, yamebaki majina tu kule juu, ulibofya jina mojawapo mara mbili ukaukunja mwenyewe. Ctrl na F1 huurudisha. Lakini windo mpya inapendeza zaidi.

Watumiaji wa SPSS ndio wanaofaidi. Programu hii ya takwimu ilizaliwa mwaka 1968, IBM ikainunua mwaka 2009, na huuzwa kwa vipande: kipande usichokuwa na leseni yake hukioni kwenye menyu. Kimojawapo kinaitwa Missing Values, cha kushughulikia data zilizokosekana. Usipokilipia, nacho kinakosekana.

Ila utamu wenyewe uko kwenye Descriptives. Unafungua dirisha utafute wastani wa mavuno: umri upo, idadi ya watoto ipo, mavuno hayamo kwenye orodha. Bila shaka IBM inawachukia wakulima wa Kilimanjaro. Usikumbuke kwamba uliandika “debe 3”, kisha “debe mbili na nusu”, na kwa yule babu wa kule juu, “kidogo tu, mvua ilisumbua”. SPSS hukiita kigeu chenye maandishi String, na dirisha la Descriptives halikionyeshi. Nenda Variable View, geuza Type iwe Numeric, na usihifadhi nakala. Kila palipokuwa na debe patabaki nukta. Zitazame zilivyojipanga. Waoga huhifadhi nakala kwanza, wakajaza namba tupu, neno debe wakaliweka kwenye Label. Hao humaliza mapema na hawana la kusimulia kwenye Noah ya kwenda Himo.

Kuhusu simu: Excel ya simu na ile ya kwenye kivinjari hazina ToolPak kabisa. Kwa Excel, hapo tu ndipo “hakipo” ni kweli, na hapo ndipo inapokupasa utafute usiku kucha.

Yote yakishindikana, andika chini ya Mapungufu ya Utafiti: “Programu iliyotumika haikuwa na uwezo wa kufanya regresheni.” Siku ya kutetea, mtahini wa nje ataiomba kompyuta yako, atabofya kidogo huku akiongea na jirani yake mambo mengine, kisha ataigeuza ikutazame. Sema ni virusi.