Koti la Kilti Halitoki Kwenye Suti

Nitasonya leo mpaka kahawa ipoe. Mwanamume anatoa fedha yake, anaingia kwa fundi Edinburgh, anapimwa, anashonewa kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, ya yadi 8 za sufu, marinda ya nyuma yamepangwa kwa ustadi hata ile miraba ya mistari iitwayo tartani inaendelea kana kwamba kitambaa hakijakunjwa. Halafu siku ya harusi anachomoa kabatini koti la suti yake ya kazini na kulitupia juu. Mfyuu! Jamani, hapana. Hapo fundi kaonewa.

Shida si rangi wala bei, ni kiuno. Suruali za siku hizi zinakaa nyongani. Kilti inakaa juu, kwenye kiuno chenyewe, usawa wa kitovu au zaidi kidogo, na pindo lake linaishia katikati ya goti. Koti la suti limekatwa ili lifunike makalio. Ukilivaa juu ya kilti linameza nusu ya vazi, marinda yanalisukuma kwa nyuma linabinuka, na mbele linauziba ule mkoba wa ngozi, sporani, ambao mahali pake ni hadharani. Mtu mrefu anaonekana hana miguu.

Kuna mzee hapa kijiweni kanibishia. Kasema, mbona sisi tunavaa koti la suti juu ya kanzu, kuanzia Unguja mpaka Kampala, na tunapendeza? Kweli, tunapendeza. Lakini kanzu inashuka wima toka begani hadi kifundoni, haina kiuno wala marinda, kwa hiyo koti lolote lililokaa vizuri mabegani litaelewana nayo. Kilti ina kiuno kilichobanwa na mzigo wa sufu nyuma. Ina madai yake, na koti ndilo linalopaswa kuyatii.

Koti la kilti, basi, linakatwa fupi. Kwa mbele, kuanzia kifungo cha chini, kitambaa kinakatwa kwa mviringo kwenda pembeni ili sporani ipate nafasi. Mikono haipunguzwi. Kizibao nacho kinafupishwa, ila lazima kifunike ukanda wa juu wa kilti. Shati likichungulia pale katikati, picha zote za siku hiyo zimeharibika. Wapo mafundi Uskoti wanaolichukua koti la kawaida, wakalifupisha na kulitia huo mviringo. Kazi hiyo naikubali, mradi mifuko isiwe chini sana, maana mifuko ikikaribia pindo hakuna pa kukata.

Sasa tuje kwa lile jeusi ambalo maduka ya kukodisha nguo yamewavisha mabwana harusi wa Uskoti miaka na miaka: koti la Prince Charlie. Mnalijua mkiliona. Ni fupi, ukosi wake umefunikwa hariri, vifungo vya fedha, mikia miwili mifupi nyuma, kizibao cha vifungo vitatu ndani, na tai ya kipepeo. Ni koti zuri, hapo sibishi. Lakini ni koti la usiku. Kazi yake ni ile ya suti nyeusi ya karamu: chakula cha jioni, dansi, hafla iliyoanza baada ya saa 12 jioni. Halafu unamkuta bwana harusi kasimama kanisani saa 7 mchana, hariri inang'aa ukosini, na nyuma yake wasindikizaji wote wamevaa lile lile. Mfyuu! Aliyemshauri hakumpenda.

Na jina hilo lisimtishe mtu. Charles Edward Stuart, yule mwanamfalme aliyeongoza uasi wa 1745, alifariki Rome mwaka 1788 na hakuwahi kulitia mwilini. Koti hilo ni la karne ya 20. Anayekwambia kwamba ukiliacha umeikana mila ya mababu, mwambie mababu hao hawakulijua.

Historia ya kweli ya vazi hili ni nzito zaidi, na ndiyo inayonifanya nisonye kwa uchungu. Waasi waliposhindwa Culloden tarehe 16 Aprili 1746, Bunge la London lilipitisha sheria ya mavazi. Kuanzia tarehe 1 Agosti 1747, mwanamume au mvulana wa Uskoti asiyekuwa askari wa mfalme akikutwa na vazi la nyanda za juu, kifungo miezi 6. Akirudia, anasafirishwa ng'ambo kwa miaka 7. Na haikuishia kwenye kilti: sheria ile iligusa makoti pia, ikakataza koti la juu kushonwa kwa tartani. Marufuku iliondolewa mwaka 1782. Miaka 40 baadaye, mwaka 1822, mfalme George IV alizuru Edinburgh, sherehe zikapangwa na mwandishi Walter Scott, na mfalme mwenyewe akajitokeza ndani ya kilti nyekundu. Vazi limetoka kwenye hatia likaingia ikulu ndani ya umri wa mtu mmoja. Nguo iliyopita njia hiyo, unaifunika kwa koti la ofisini?

Basi la kisasa ni lipi? Mimi nasema twidi, kile kitambaa kizito cha sufu, kwa mkato wa Argyll au mwepesi kuliko huo. Argyll ni koti la kilti lenye ukosi wa kawaida, mviringo wa mbele, na mikono yenye pindo pana lililopambwa kwa vifungo. Linavaliwa na tai ndefu, mchana linapendeza, na jioni ukilipata la rangi nzito halikuangushi. Mafundi wa leo wanalisafisha zaidi: wanaondoa lile pindo pana la mikono, wanaweka kifungo kimoja au viwili mbele, na vile vikanda vya mabegani wanaviacha kabisa. Nawaunga mkono. Vikanda vya mabegani ni vya gwaride. Wazee wa huku tunaikumbuka bendi ya Idi Amin, askari wa Uganda ndani ya kilti wakipuliza zumari za Kiskoti. Pale vilikuwa mahali pake. Bwana harusi hakagui gwaride.

Pale Edinburgh yupo Howie Nicholsby, mtoto wa familia ya washona kilti, aliyeanzisha chapa yake ya 21st Century Kilts mwaka 1996. Huyu kashona kilti za jinzi, za ngozi, za kitambaa cha suti, na makoti yake hayana mbwembwe za kijeshi. Wapo wanaomlaumu. Mimi namsifu kwa jambo moja: amefanya mwanamume aivae kilti siku ya kawaida, si mpaka afe mtu au aolewe mtu. Anayetaka kuona usasa unafika wapi akaangalie kazi zake, kisha aamue mwenyewe atasimama wapi. Mimi ningesimama kabla ya ngozi.

Kama mfuko unaruhusu, ulizia Harris Tweed. Sheria ya mwaka 1993 inailinda: lazima itengenezwe kwa sufu halisi iliyotiwa rangi na kusokotwa uzi katika visiwa vya Outer Hebrides, na ifumwe kwa mkono na wakazi wa huko majumbani mwao. Yaani koti lako limepita sebuleni kwa mtu kabla halijafika mgongoni kwako. Vifungo vya pembe, si vya fedha.

Rangi ndipo watu wanapobanana na fundi. Kilti tayari inasema kwa sauti, koti liwe kimya: rangi moja, au twidi ambayo mchanganyiko wake wa nyuzi unaonekana mtu akisogea karibu tu. Usichukue rangi kubwa ya tartani ukaifanya koti. Angalia ule mstari mwembamba, wa kijivu, wa buluu iliyofifia, wa kijani cha majani makavu, kisha mwambie fundi autafutie kitambaa. Kilti nyekundu ya tartani ya Royal Stewart inatulizwa na kijivu cha makaa. Black Watch, ambayo ni kijani na buluu zilizokolea, ukiivalisha koti jeusi la mchana inazama yote. Ipe kijivu au kijani chepesi uone inavyoinuka. Na zile tartani zenye rangi zilizofifishwa, mfano wa kitambaa kilichokaa miaka juani na mvuani, hizo ni ndugu wa twidi ya kahawia.

Muuzaji akikwambia koti hilo hilo utalivaa na suruali kesho yake, mkatalie. Koti lililokatwa vizuri kwa kilti litakuwa fupi mno kwa suruali. Mwalikwa wa harusi moja, kodi, hakuna aibu, ila kodi la twidi, nalo lipo madukani siku hizi. Mwenye kilti yake mwenyewe ashonewe, na aende kwa fundi mapema, akiwa ameivaa kilti yenyewe na sporani na viatu vile vile vya siku hiyo. Akipimwa na suruali, vipimo vyote ni uongo. Akiwa mbele ya kioo anyanyue mikono, ainame, aketi. Shati likionekana kiunoni, koti lirudi mezani.

Jambo la mwisho nililokuwa nabishana na vijana hapa ni kizibao, wanadhani ni cha kuongeza gharama. Harusi ya Kiskoti haiishi bila keili, ile ngoma ya watu kushikana mikono na kuzunguka ukumbi kwa kasi, fidla na kodiani vikipigwa. Dakika chache tu makoti yote yako mgongoni mwa viti, na usiku uliobaki watu watakuona ndani ya kizibao. Vizibao vingi mgongoni vina kitambaa chepesi cha bitana, jasho linaonekana na kinajikunja. Lipia chenye twidi ile ile nyuma na mbele, vifungo vitano, na kikae imara juu ya ukanda wa kilti hata unapozungushwa.