Wingu Ndani ya Pete ya Mama

Mama aliyasema mbele ya wageni, watu wakiwa bado hawajanawa mikono: jiwe la pete yake limebadilishwa. Aliinua kidole karibu na taa ili kila mtu aone. Almasi iliyokuwa ikimetameta zamani ilikuwa imefifia, imejaa ukungu mweupe. Hakumtaja mtu, wala hakuwa na haja. Sote tulijua kwamba miezi michache kabla, wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyeipeleka pete kwa sonara itanuliwe, maana vidole vya Mama vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi. Wifi aliweka bakuli la mchuzi mezani, akaingia chumbani kwake.

Kwetu Shinyanga tuhuma ya almasi si jambo dogo. Mgodi wa Mwadui uko jirani, na tangu Mkanada John Williamson alipougundua mwaka 1940, familia nyingi zina hadithi zao za mawe: aliyetapeliwa, aliyefungwa, aliyetajirika kwa msimu mmoja. Tumekua tukisimuliwa habari za almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Jiwe la Mama lilikuwa dogo sana, ila Baba alilinunua dukani kwa risiti na cheti alipostaafu, na Baba sasa hayupo. Kumwambia mtu kwamba ameliiba jiwe lile ni kumwambia kwamba amemwibia marehemu.

Nyumba ikagawanyika. Wifi alipika, akatenga, akala peke yake. Kaka akaanza kurudi usiku. Shangazi akapiga simu kutoka Kahama akisema ipigwe ramli, mwizi ajulikane. Hapo niliogopa kwelikweli, kwa sababu ramli ikishataja jina, jina hilo halisafishiki tena. Nikamwomba Mama tutangulie kwa fundi. Tukapanda basi kwenda Mwanza watatu: Mama, wifi na mimi, cheti kikiwa ndani ya mkoba wa Mama.

Sonara tuliyemkuta alikuwa mzee wa maneno machache. Aliweka jichoni lenzi yake inayokuza mara kumi, akaanza kuuliza kuhusu moto. Almasi, alisema, ni kaboni. Sonara akichomelea dhahabu bila kulikinga jiwe kwa asidi ya boriki, uso wa almasi unaweza kuungua ukabaki na ukungu mweupe, na dawa yake ni kulisugua upya tu. Aliligeuzageuza jiwe. Nyuso zilikuwa laini, kingo bado kali. "Aliyeitanua aliijua kazi yake," alisema, na wifi akashusha pumzi.

Kisha akachukua tochi ya kukagulia noti bandia, ile ya miale ya urujuanimno. Zipo almasi zinazong'aa rangi ya samawati chini ya miale hiyo, na chache kati ya zile zinazong'aa mno huonekana na ukungu zikiwa juani. Ya Mama iling'aa kidogo tu. Si hiyo.

Ndipo akaipindua pete tutazame kitako cha jiwe, pale kati ya kucha za dhahabu zinazolishika. Kulikuwa na utando mzito wa rangi ya majivu.

"Mama, hii pete unaivaa ukipika?"

Mama alinyamaza kwanza. Kabla ya kutanuliwa, pete ilikaa miaka ndani ya kijisanduku kwa sababu haikuingia kidoleni. Iliporudi ikiwa inamtosha, hakuivua tena: alikandia unga wa chapati nayo, akajipaka mafuta ya nazi nayo, akafulia nayo.

Mzee akatueleza kwamba almasi huyakataa maji na huyashika mafuta. Migodi iliitumia tabia hiyo kwa miaka mingi: mchanga wenye almasi ulipitishwa kwa maji juu ya meza zilizopakwa grisi, mawe mengine yakasombwa, almasi zikanasa. Jikoni kwa Mama mambo yalikwenda vivyo hivyo. Na mng'ao wa almasi hutegemea nyuso zake za chini, ambazo hurudisha juu mwanga ulioingia. Mafuta yakizifunika, mwanga mwingi unavujia chini na jiwe linaonekana limekufa.

Aliiloweka pete katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, akaipitishia mswaki laini kwa nyuma, akaisuuza. Cheche zikarudi. Lakini Mama, aliyekwisha kuipeleka dirishani, aliona bado kuna ukungu hafifu ukingoni, kama tone la maziwa ndani ya glasi ya maji. "Na huu?"

"Huu hautoki," mzee alisema. "Nipe cheti." Kwenye mchoro wa jiwe, mahali pale pale, palikuwa na vidoti vyekundu vimekusanyika, na kando yake pameandikwa kuwa ni wingu. Almasi nyingi huumbika kilomita 150 na zaidi chini ya ardhi, na zikiwa zinakua hufungia ndani vitu vidogo mno. Kidoti kimoja hakionekani kwa macho, ila vikijikusanya hutawanya mwanga. Wingu likienea jiwe zima, almasi hufifia na bei hushuka, wala hakuna sabuni ya kulitoa. Likiwa dogo ukingoni, halidhuru kitu. Na kuiga wingu hilo, mahali hapo, ndani ya jiwe lenye vipimo vile vile, ni kazi isiyowezekana. Jiwe lilikuwa lile lile la Baba.

Mama alimwomba wifi radhi pale pale dukani. Kwangu mimi hiyo haikutosha, nikasema wazi: tuhuma iliyotolewa mbele ya watu haifutwi pembeni. Mama alikubali, akawaita wote waliomsikia, akaeleza jambo baada ya jambo huku cheti kikipita mkono kwa mkono. Kisha akamkabidhi wifi kile cheti akitunze. Wifi alikipokea kwa mikono miwili, akasema amesamehe, ila anaomba jambo moja: Shangazi wa Kahama apigiwe simu sasa hivi, na sauti iwekwe kubwa.