Liyongo Kakwama Ndani ya Flashi

Jumapili usiku, katika fleti moja ya Silver Spring, Maryland. Mezani zimewekwa LAPTOPU KUUKUU, na LAPTOPU MPYA ya kaka mtu, itakayoondoka kesho asubuhi kwenda chuoni College Park. Kati yao amelala FLASHI. Ndani ya Flashi yumo LIYONGO, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, aliyechongwa na binti wa nyumba kwa programu ya Blender. Binti yuko jikoni anachemsha chai. Kando ya meza kuna pipa la bluu la kupelekwa Mombasa kwa meli.

MPYA: Shikamoo, babu.

KUUKUU: Marahaba, mjukuu wangu. Shikamoo ya usiku huu ina mzigo. Haya, utue.

MPYA: Kila binti anapokuletea faili la Liyongo, unamwambia si faili la Blender. Kikao kimekaa na kuona tatizo ni umri wako. Kwenye pipa kuna nafasi, baina ya viatu na sabuni.

KUUKUU: Kikao cha nani?

MPYA: Mimi na chaja yangu.

FLASHI: Akidi imetimia! Si ajabu, Bunge la Marekani liko maili chache kutoka hapa. Na mtindo wa mji ndio huo: kosa lolote ni la aliyetangulia.

LIYONGO: Jamani, niko humu! Gereza la Pate nilitoka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa. Humu hata ukuta wa kukereza siuoni. Tena nani kanipaka uso? Shujaa mzima nimekuwa pinki kama bigijii!

KUUKUU: Pole, Fumo Liyongo. Tuanze na uso. Mjukuu wangu, huyu alizaliwa kwangu, kwenye Blender 2.79. Picha za ngozi yake, ndevu zake na kikoi chake zilikuwa kwenye folda moja juu ya Desktop yangu. Ndani ya faili hazimo. Mna anwani tu: C, Users, jina la binti, Desktop, mpaka kwenye picha yenyewe. Binti akakuletea faili peke yake. Ukaifuata anwani, ukakuta kiwanja kitupu. Blender ikikosa picha humpaka mtu pinki.

MPYA: Kwa hiyo mimi sina kosa.

KUUKUU: Wala mimi. Angezifungasha picha ndani ya faili kabla ya kuhama, zingekwenda naye. Lakini nani atamlaumu mwenye nyumba ilhali pipa lipo?

MPYA: Sawa, uso tumeusikia. Na huko kukataa faili langu je?

KUUKUU: Sikukataa, nilisema ninachokiona. Fungua faili langu la zamani kwa Notepad. Mwanzoni kabisa utasoma BLENDER, kistari kinachoonyesha ni la biti 64, kisha v279. Lina jina na toleo, limejitambulisha. Sasa fungua lako.

MPYA: Naona... vijidudu.

KUUKUU: Ulilibana?

MPYA: Nililibana kidogo, lipungue uzito.

KUUKUU: Kwa Zstandard, ambayo Blender ilianza kuitumia toleo la 3.0, mwishoni mwa 2021. Mimi najua gzip. Umeniletea sanduku lenye kufuli nisilolijua, halafu unasema nimesahau kusoma.

MPYA: Basi jisasishe, babu! Dunia inakwenda.

KUUKUU: Kadi yangu ya picha inaishia OpenGL 2.1. Blender 2.80 ya 2019 ikataka 3.3. Toleo la 4.0 la 2023 likapanda hadi 4.3. Dunia inakwenda, ndiyo, lakini kila kituo nauli inaongezeka.

MPYA: Hata Windows 10 yako haina msaada tangu tarehe 14 Oktoba 2025.

KUUKUU: Msaada umekwisha, kazi haijaisha. Nisitembezwe intaneti tu ovyo ovyo.

FLASHI: Kwani asilihifadhi bila kulibana, yakaisha?

KUUKUU: Mlango utafunguka, mwili hautakuwepo. Toleo la 4.0 linapanga umbo kwa utaratibu mpya, 3.6 inauelewa, mimi wa 2.79 siuelewi. Ipo aina ya faili ya OBJ, ambayo ni maandishi matupu: mstari wa v ni nukta, mstari wa f ni uso. Hiyo hufunguka karibu popote, ila haibebi mifupa.

LIYONGO: Bila mifupa nitavutaje upinde?

KUUKUU: Ndiyo maana nasema FBX, ile ya binari. Mpya anajua kuitoa, mimi najua kuisoma, na mifupa inakuja.

MPYA: Haya yote umeyajulia wapi?

KUUKUU: Kwa kusoma ujumbe wa kosa mpaka mwisho. Pale Capitol Hill, Maktaba ya Bunge inaweka kumbukumbu za aina za mafaili, ikichunguza zipi zitaweza kufunguka huko mbele. Serikali imeajiri watu kwa kazi hiyo. Humu ndani kaachiwa mzee mmoja, naye anasubiri meli.

FLASHI: Nami nitubu. Jana binti alinichomoa nikiwa katikati ya kuandika. Lile faili la “Liyongo_mwisho_kabisa2” lina KB sifuri.

KUUKUU: Kando yake kuna lenye mkia wa blend1. Ndiyo hifadhi ya kabla ya ile ya mwisho. Aiondoe hiyo moja kwenye jina, atalifungua.

*Binti anarudi na kikombe. Anausoma ujumbe wa kosa, polepole, mpaka nukta. Anaguna. Anamtoa Liyongo kwa FBX kwenye laptopu mpya, anamfungua kwenye kuukuu.*

LIYONGO: Mifupa ninayo! Na uso wangu huu hapa, mweusi kama alivyonizaa mama!

MPYA: Picha umezitoa wapi, babu?

KUUKUU: Hazikuondoka. Zilikuwa Desktop muda wote. Mngenitia kwenye pipa, uso wa Liyongo ungekwenda Mombasa na sabuni.

*Binti anapiga simu: “Kaka, laptopu yako kiboko! Liyongo kafunguka!”*

FLASHI: Babu! Liyongo yuko kwenye skrini yako, sifa kapewa huyu!

KUUKUU: Mwache asifiwe, kesho anakwenda College Park na sifa zake. Wewe mshughulikie binti: picha zile ziko kwenye diski moja, nayo ni yangu, na mimi ni mzee kweli.